Fela Sowande na Kinanda cha Filimbi

Neno kinanda limehamahama sana katika lugha yetu. Wazee wa pwani walipolitamka walikuwa na maana ya ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, iliyopigwa barazani na harusini. Wamisioni walipokuja na vyombo vyao vya kupuliziwa hewa kwa kukanyaga, neno likaingia kanisani. Kisha likabeba piano, likabeba hata santuri. Leo ukimtajia mtoto wa kwaya kinanda, atafikiri juu ya kile cha umeme chenye spika mbili. Lakini ipo aina moja ambayo walio wengi miongoni mwetu hawajaikaribia, nayo ni kinanda kikubwa cha filimbi, kile ambacho hakibebwi kwa sababu hujengwa pamoja na jumba lenyewe. Mpigaji huketi mbele ya safu mbili, tatu au nne za vibonye vya vidole, na chini yake ipo safu nyingine ya mbao za miguu. Pembeni mna vishikizo vya kuvuta, kila kimoja kikifungua hewa kwa jamii moja ya filimbi. Filimbi ndogo kabisa haizidi kalamu ya risasi. Iliyo kubwa kabisa, katika vinanda vichache vyenye ukubwa huo, hukaribia mita kumi. Nawaomba wasomaji wakumbuke jambo moja, kwa kuwa tutalirudia: filimbi haijali nguvu ya kidole. Ukigusa polepole au ukipiga kwa kishindo, sauti itokayo ni ile ile, nayo huendelea bila kupungua mpaka kidole kiinuliwe.

Mwafrika aliyekifahamu chombo hicho mpaka mwisho wa siri zake alikuwa Olufela Obafunmilayo Sowande, ambaye dunia ya muziki ilimjua kwa jina fupi la Fela Sowande. Asichanganywe na Fela Kuti, mwanamuziki wa dansi wa Lagos, ambaye alikuwa Myoruba mwenzake wa kizazi cha baadaye.

Sowande alizaliwa tarehe 29 Mei 1905 katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya Nijeria. Baba yake, Emmanuel Sowande, alikuwa kasisi wa Kianglikana na mwalimu katika chuo cha waalimu cha St Andrew's kilichokuwa Oyo. Naye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo waliotaka muziki wa kanisa uimbwe kwa namna ya Wayoruba wenyewe. Kwa hiyo mtoto hakukutana na swali lililomsumbua maisha yake yote akiwa chuoni Uingereza, bali alilikuta nyumbani.

Swali lenyewe litaeleweka upesi na mwalimu yeyote wa lugha. Kiyoruba ni lugha ya toni. Kila silabi ina kimo chake, cha juu, cha kati au cha chini, na kimo kikibadilika, neno nalo hubadilika. Chukua mfano mmoja wa silabi mbili: ọkọ, silabi zote zikiwa za kati, ni mume, silabi ya pili ikipandishwa, neno ni jembe, ikishushwa, neno ni chombo cha safari. Sasa wamisioni wa karne ya 19 walizitafsiri tenzi za Kiingereza kwa Kiyoruba, wakazitia katika tuni zile zile za Uingereza. Tuni ilipopanda, neno lilitaka kushuka. Tuni iliposhuka, neno lilitaka kupanda. Waumini wakasimama Jumapili wakiimba kwa moyo maneno ambayo, kwa sikio la mtu aliyesimama nje ya mlango, yalikuwa ama maneno mengine kabisa ama si maneno. Si ajabu kwamba Waafrika wa Lagos walipojitenga na makanisa ya wamisioni, mwaka 1888 na tena mwaka 1901, habari za nyimbo na ngoma zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa.

Sisi wa Kiswahili tumeponea chupuchupu. Lugha yetu haina toni ya namna hiyo, ila ina mkazo, na mkazo ukikaa pasipo mahali pake huumiza sikio. Barabara ya kupita magari hukazwa katika silabi ya tatu. Barabara yenye maana ya sawasawa hukazwa katika ya pili. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia kwaya anajua jinsi tuni ya kigeni inavyoweza kuinyanyua silabi ya mwisho ya neno la Kiswahili na kuiacha inaning'inia. Majirani zetu wasemao lugha za toni wameumia zaidi, na baadhi yao walilijibu jambo hilo kwa njia yao wenyewe. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda alitunga kazi kubwa juu ya mashahidi wa Uganda ikifuata muziki wa Kiganda, nayo ikaimbwa Roma mwaka 1964, mwaka waliotangazwa watakatifu.

Huko Lagos mtu aliyelishika jambo hilo kwa mikono miwili alikuwa Thomas Ekundayo Phillips. Alisoma muziki katika chuo cha Trinity cha London, na tangu mwaka 1914 hadi 1962 alikuwa mpiga kinanda na bwana wa muziki wa Kanisa Kuu la Kristo, Lagos. Miaka arobaini na minane katika kiti kimoja! Mwaka 1953 alichapisha kitabu juu ya muziki wa Wayoruba, akijaribu kuonyesha jinsi mtungaji anavyoweza kuitunga sauti ya wimbo kwa kufuata kimo cha maneno. Sowande alikuwa mmoja wa watoto wa kwaya yake, na kwa Phillips ndipo alipojifunza kinanda na kuzisikia kazi za Bach zikipigwa na Mwafrika. Nasema hivi kwa sababu wako wanaofikiri kwamba muziki huu uliletwa Nijeria na wazungu na ukakaa mikononi mwao. Kwa Sowande haukuwa hivyo. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa Myoruba aliyempa Bach kwa mkono mmoja na wimbo wa Kiyoruba kwa mkono wa pili.

Nje ya kanisa kijana alikuwa na maisha mengine. Alisikiliza jazi ya Marekani, akapiga katika bendi ya dansi ya klabu ya Triumph hapo Lagos. Mwaka 1934 alisafiri kwenda London kwa nia ya kusomea uhandisi. Uhandisi haukuchukua muda. Muziki ulimlisha upesi zaidi. Mwaka 1936 alikuwa mpiga piano katika ile kazi maarufu ya Gershwin, Rhapsody in Blue. Alipiga piano pamoja na Fats Waller, Mmarekani Mweusi ambaye naye alikuwa bingwa wa kinanda, na katika klabu ya usiku ya mwimbaji Adelaide Hall alipiga kinanda cha umeme cha Hammond, chombo ambacho wakati huo kilikuwa hakijafikisha hata miaka mitano sokoni. Alipiga pia kinanda cha burudani katika redio ya BBC. Wapo waandishi wa maisha yake wanaoipitia sehemu hii haraka haraka, kana kwamba ni ya kufichwa. Mimi naona wanakosea. Kumbukeni filimbi isiyojali nguvu ya kidole. Katika ngoma au piano, mpigaji hutia mdundo kwa kukazia hapa na kulegeza pale. Katika kinanda cha filimbi hawezi. Mdundo wote hutoka katika muda: lini kidole kinagusa na, zaidi ya hapo, lini kinaachia. Mtu aliyekesha miaka mingi akiwachezesha watu dansi kwa chombo kisichojua kukazia, huyo alikuwa amejifunza jambo ambalo makanisa mengi ya Uingereza hayakuwa na haja ya kumfundisha.

Wakati huo huo alikuwa anasoma kwa juhudi. Waalimu wake walikuwa George Oldroyd, George Cunningham na Edmund Rubbra. Mwaka 1943, vita ikiwa inaendelea, alifaulu mtihani wa juu wa chuo cha kifalme cha wapiga vinanda, akawa Fellow wa chuo hicho na kutwaa tuzo zake tatu, za Limpus, Harding na Read. Mtihani huo haumpimi mtu kwa vidole peke yake. Mtahiniwa hupewa muziki asiouona kabla akaupiga papo hapo. Huambiwa auhamishe katika ufunguo mwingine. Huketishwa na karatasi tupu akaandika muziki kwa kufuata kanuni za mabingwa wa kale. Alipata pia shahada ya muziki ya Chuo Kikuu cha London. Wakati wa vita alikuwa mshauri wa muziki katika idara ya filamu za makoloni, na katika BBC aliandaa vipindi juu ya muziki wa Afrika Magharibi na njia za kuuendeleza.

Kutokana na kazi hiyo ya redio ilizaliwa African Suite ya mwaka 1944, ya vyombo vya nyuzi na kinubi. Katika kazi hiyo hakuchukua nyimbo za kwao tu. Alichukua pia sauti za Ephraim Amu, mtungaji wa Ghana, ambaye wakati huo nchi yake ilikuwa bado inaitwa Gold Coast. Sehemu ya mwisho, iitwayo Akinla, ni ya dansi, na asili yake ni tuni iliyokuwa ikichezwa na watu wa kawaida katika pwani ile ya magharibi.

Tangu mwaka 1945 hadi 1952 alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya wa Kingsway Hall, makao ya misheni ya Wamethodisti katikati ya London. Kipindi hiki ndicho kilichomfanya mtungaji wa kinanda, ingawa kazi nyingi zilichapishwa baadaye: Obangiji, Yoruba Lament, Jesu Olugbala, Go Down Moses, na hiyo Oyigiyigi iliyochapishwa New York mwaka 1958. Tazameni majina yenyewe. Jesu Olugbala ni Yesu Mwokozi kwa Kiyoruba. Go Down Moses ni wimbo wa watumwa wa Marekani. Oyigiyigi ni jina la sifa la Mungu lililotumiwa na Wayoruba kabla ya misioni, jabali kubwa lisilotikisika. Mwana wa kasisi, akiwa katika utumishi wa kanisa la Wamethodisti, aliviweka vyote vitatu juu ya kinanda kimoja.

Njia yake katika kazi hizi ni kuchukua wimbo wa Kiyoruba, kuupitisha wazi kwanza ili usikike, halafu kuurudia kwa sura mbalimbali, mara sauti za juu zikiubeba, mara miguu ikiushika chini kwa filimbi nene. Wako waliomlaumu kwamba huku ni kumvika Myoruba koti la Bach. Lawama hiyo ina sehemu ya ukweli. Kuna mahali ambapo koti linaonekana kuliko mtu. Lakini naona wanaolaumu wanasahau alikotoka Sowande. Tatizo la baba yake na la Phillips lilikuwa maneno kupigana na tuni. Katika kinanda hakuna maneno. Kinachobaki ni kule kupanda na kushuka, yaani kile kile ambacho kwa Myoruba ni nusu ya neno. Wayoruba wanayo tangu zamani ngoma ya dundun, ambayo mpigaji huibana kamba zake kwa mkono ikapanda na kushuka, na msikilizaji anayeijua lugha husikia sifa za mfalme au methali bila mtu kufungua kinywa. Myoruba akiusikia wimbo wa Oyigiyigi katika filimbi, anausikia kwa sikio lile lile analosikilizia dundun. Na wimbo ukihamishwa mzima kwenda juu au chini, kama afanyavyo Bach, neno halivunjiki, maana mpando na mshuko vimehama pamoja. Kinanda kina kasoro moja mbele ya dundun: hakiwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti, kila filimbi ina kimo chake na haiondoki hapo. Kwa hiyo kinasema Kiyoruba, ila kwa lafudhi ya mgeni.

Mwaka 1953 Sowande alirudi Nijeria kuongoza muziki na utafiti wa muziki katika idara ya utangazaji ya Lagos. Sauti ya kinanda chake ilienda hewani, na zaidi ya hapo alikusanya na kutangaza muziki wa asili uliokuwa haujawahi kufika mbele ya mashine ya kunasa sauti. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani ya MBE. Mwaka 1957, kwa ukaribisho wa serikali ya Marekani, alipiga kinanda na kutoa mihadhara New York, Boston na Chicago. Nijeria ilipopata uhuru mwaka 1960, alitunga kwa ajili hiyo simfonia iliyojengwa juu ya nyimbo za wananchi.

Hapo ndipo mtu angetazamia apumzike katika heshima zake. Badala yake alianza safari ngumu kuliko ile ya London. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha Ibadan, katika taasisi ya masomo ya Kiafrika iliyokuwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Vyuo vipya vya nchi huru vilikuwa na swali: mwanafunzi wa muziki asome nini? Ilikuwa rahisi kuuhamisha mtaala wa London mzima mzima, na mahali pengi ndivyo ilivyokuwa. Sowande, ambaye hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anaukataa muziki wa Ulaya kwa kuwa hauwezi, alisema kwamba huwezi kufundisha muziki wa Myoruba kwa kuandika noti za ngoma ubaoni. Sharti ujue mtu huyo anaamini nini juu ya sauti, jina na ulimwengu. Basi mwana wa kasisi akaketi miguuni mwa wataalamu wa Ifa, elimu ya uaguzi ya Wayoruba, akajifunza na kuandika juu yake. Pamoja na Fagbemi Ajanaku, alitoa kitabu juu ya majina ambayo mtoto wa Kiyoruba huzaliwa nayo. Mwaka 1967 aliandika juu ya Kanisa Katoliki na lugha za toni za Nijeria. Lile swali la nyumbani kwa baba yake lilikuwa bado linamngoja. Watu wa Lagos walimpa cheo cha jadi cha Bagbile.

Ila aliukataa pia upande wa pili. Walipotokea wataka-usafi waliosema Mwafrika asiguse ila ala za mababu, aliwajibu kwamba huo nao ni ubaguzi wa aina yake, kumfungia msanii katika boma la asili yake ilhali wenzake wa Ulaya huchukua watakacho popote. Kusema hivyo katika miaka ya sitini hakukumpatia marafiki wengi. Kwa wengine alikuwa Mwingereza mweusi. Kwa wengine, msomi mzima aliyepotelea katika uaguzi. Maandishi yake ya miaka hiyo ni mazito, na mahali pengine mwandishi huyu amelazimika kuyasoma mara tatu. Hata hivyo sijaona mahali ambapo mawazo hayo mawili yanapingana.

Kijana mmoja aliyefuata nyayo zake ni Ayo Bankole, aliyezaliwa mwaka 1935. Alifanya kazi katika ofisi za utangazaji zile zile za Lagos, akasoma London na Cambridge, akawa mpiga kinanda hodari na, tangu mwaka 1969, mhadhiri wa muziki wa Chuo Kikuu cha Lagos. Aliuawa mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 41. Sowande wakati huo alikuwa mbali sana na Lagos.

Aliondoka mwaka 1968, vita ya Biafra ikiwa inaendelea, akaenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mwaka huo huo wanafunzi wa Howard walikuwa wameliteka jengo la utawala wakidai chuo chao kiwe cha watu Weusi kwa masomo na si kwa rangi tu. Mzee wa miaka 63, mwenye shahada za London, akawa mwalimu wa vijana waliotaka Afrika. Mwaka 1972 alihamia Pittsburgh, na mwaka 1976 Kent State, jimbo la Ohio, akafundisha huko mpaka mwaka 1982. Kwa Wamarekani hao aliandika kwamba masomo ya watu Weusi hayatakuwa ya Kiafrika kwa kubadilisha majina ya vitabu. Yalihitaji fikra ya Kiafrika kama msingi, na fikra hiyo ina adabu yake na ugumu wake. Katika miaka hii ya Marekani mwalimu alimzidi mpiga kinanda. Kazi kubwa za kinanda zilikuwa nyuma yake.

Alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Ravenna, Ohio, akazikwa katika jimbo hilo hilo. Wakati huo redio ya Kanada ilikuwa na kipindi cha kila juma cha santuri, kilichoanza mwaka 1956 na kuendelea mpaka 1997, na wimbo wa kukifungulia ulikuwa Akinla. Kwa miaka kumi baada ya mazishi yake, wasikilizaji wa nchi ile ya barafu waliendelea kufungua redio zao na kupokewa na dansi ya pwani ya Afrika Magharibi, ikipigwa na vyombo vya nyuzi.